Telefone moja mu sufuria: sauti ya papa inapoingia mu kelasi

Ni asubuhi, mu kelasi ya mwaka wa tano ya masomo ya msingi, mu kartie moja ya Kolwezi. Watoto ni zaidi ya makumi sita, wanne wanne ku kila benchi. Mwalimu anatosha telefone mu mfuko wa suruali, anaiweka ndani ya sufuria tupu aliyoileta toka nyumbani. Sufuria inakuza sauti, hata wale wa nyuma wanasikia. Anafinya, na sauti ya mwanaume inatoka:

« Jambo, bana. Miye niko naendesha kamio ku kariere. Kamio yangu inabebaka tani 40. Usiku wa leo nimepanda nayo mara 9. Nimetosha tani ngapi? Na ulizo ya pili: juu ya nini barabara ya kariere inazunguka kama nyoka, haishuke moja kwa moja? »

Chaki zinaanza kulia ku vibao. Hesabu ya kwanza haikukawia: tani 360. Lakini ulizo ya pili ilikula saa nzima. Mmoja alisema ni juu ya mvua. Mwingine alisema ni kusudi kamio zisigongane. Kisha binti mmoja wa benchi ya mwisho akasimama bila kuitwa. Tangu mwaka wa masomo uanze hakuwa ameinua mkono hata mara moja.

« Papa yangu njo ule! » akasema. « Anasemaka kamio ikiwa na muzigo, kilima ikikuwa kali, freni inashika moto. Njo maana barabara inazunguka. »

Mwalimu akachora kilima mbili ku tablo, moja ya kusimama na moja ya kulala, na somo la pembe likaanza pale pale. Siku ile, binti yule alikwenda ku tablo mara tatu.

Tunaandika habari hii kwa sababu mu miji yetu ya migodi watu wengi wakisikia « teknolojia mu kelasi » wanawaza vitu vikubwa: kompyuta kwa kila mtoto, ukuta wenye picha, intaneti mchana na usiku. Wazazi wanatikisa kichwa: hiyo ni ya masomo ya bei kali, si yetu. Kumbe ulizo ya kwanza si kifaa kina bei gani. Ulizo ni hii: kifaa kile kinaunganisha nani na nani?

« Nilifikiri mtoto amefanya mabaya »

Papa wa kamio alitueleza namna alivyopokea neno la mwalimu. « Nikitoka ku posti ya usiku, bana banaisha kwenda ku masomo. Nikienda ku kazi, biko balala. Siku mwalimu aliniita ku telefone, moyo ulianguka. Nilifikiri mutoto amefanya mabaya, ao banataka makuta. Kumbe anasema: papa, tunaomba utufundishe kitu kimoja cha kazi yako, dakika mbili tu. Nilirudia ile odio mara ine mbele ya kuituma. »

Wazazi wengi wa kwetu watajitambua mu maneno haya. Masomo yakiita, ni pesa ao ni mabaya. Hakuna neno la tatu.

Zamani haikuwa hivi kabisa. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyoshika nafasi yake mwaka 1967, zilikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali na masomo ya kompani. Papa, mwalimu na mtoto walikuwa chini ya dari moja. Wazee walisema kompani njo baba, njo mama. Dari ile ilikuwa na uzito wake pia, kwa sababu kompani iliamua mambo mengi ndani ya nyumba za watu. Lakini mwalimu alijua papa wa mtoto anafanya kazi wapi.

Kisha kazi ikaanguka. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwana historia wa Université ya Lubumbashi, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na mu jina lake aliwaita bana Shaba kama watoto walioachwa na baba yao. Miaka miwili tu kisha kitabu kile, mwaka 2003, Gécamines ilianza mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi. Leo papa mmoja iko ku kompani ya kigeni, wa pili anachimba kwa mkono, wa tatu anaendesha motari. Mwalimu wa watoto wao hajui tena nani anafanya nini. Nyumba na masomo ni kama lupango mbili zenye ukuta katikati, na hakuna mlango.

Redio inasema, lakini haisikii

Tulikwisha kuona teknolojia ya masomo mu Kongo nzima. Mwezi wa tatu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, masomo yote yalifungwa. Redio Okapi ikaanza kutangaza masomo kwa kipindi cha Okapi École. Watoto wengi walikaa karibu na redio na kaye ku magoti, na wazazi wakajifunza pamoja nao. Ilikuwa msaada mkubwa, na tunashukuru.

Lakini redio ina ukomo wake. Inasema na watu wote kwa mara moja, haisikii hata mmoja. Mtoto asipoelewa, redio inaendelea. Ku inchi ya Nicaragua, miaka ya 1970, walitafuta dawa ya shida hiyo mu masomo ya hesabu ya redio: mtangazaji anauliza, kisha ananyamaza kidogo kusudi watoto wajibu kwa sauti kubwa, wote pamoja, na mwalimu iko pale kuwasimamia. Kunyamaza kule kulibadilisha kazi. Mtoto hakuwa tena mtu wa kusikiliza tu.

Mwalimu wa Kolwezi anafanya kitu cha ndugu na kile, lakini jibu linarudia mpaka ku mtu aliyeuliza. Kisha somo la kamio, kelasi ilimtumia papa odio ya pamoja: « Papa, ni tani 360! » Na maulizo yao yakafuata. Unaonaka nini usiku ku kariere? Usingizi ukikushika unafanya nini? Papa alijibu yote. Kwa ulizo ya usingizi alisema ukweli: anaimba.

Na alijibu kwa Kiswahili. Wazazi wengine wanaogopa kusema mu masomo kwa sababu Kifaransa chao si kizuri. Wajue hivi: katiba ya mwaka 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha ine za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zifundishe watoto mu madarasa ya kwanza. Mu mwaka wa tano Kifaransa kinatawala, ni kweli. Lakini mwalimu anasema mtoto anayefahamu jambo mu lugha ya nyumbani analipeleka mu Kifaransa kwa mwendo mwepesi. Freni ni freni.

Kijana wa mtoni

Si kila habari ni ya tani na pembe. Mu kelasi ile kulikuwa kijana wa miaka 12 aliyekosa majuma mawili. Wenzake walijua yuko wapi: anasafisha mawe ya mgodi mtoni, na jioni anapeleka makuta kwa mama. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi ya namna ile. Masomo ya msingi ya serikali ni bule tangu mwaka 2019. Lakini sheria haipike bukari, na mama yule ana watoto watano.

Mwalimu angeweza kutuma neno kali. Hakutuma. Aliweka telefone ku meza, na kila mtoto akasema kitu kimoja kwa mwenzao. « Benchi yako iko wazi. » « Tulipiga mpira, tukapigwa tatu bule. » « Ulizo yako ya juu ya umeme, mwalimu hajajibu bado, anakungoja. » Odio ilikwenda ku telefone ya jirani, kwa sababu mama yake ana kale kadogo kasiko na intaneti. Jirani akavuka barabara, akaisikilizisha mu lupango, mama na kijana wako pale.

Siku ya nne, kijana alisimama ku dirisha la kelasi. Hakuna aliyesema neno. Mwenzake akasogea ku benchi.

Tusidanganye wasomaji. Kijana hakurudia kila siku. Kuna siku ya tano ya juma anakosa bado, na kila mtu anajua sababu. Lakini mama yake sasa anatuma neno mbele: « Mwalimu, kesho hatakuja, mumubakizie kazi. » Na kazi inabakizwa. Mwalimu alituambia: « Telefone haikulipa deni ya nyumba yao. Ilimuonesha tu kama nafasi yake iko. »

Mambo ya kuangalia

Tuliwauliza walimu na wazazi nini kinasaidia na nini kinaharibu. Tunaandika yale waliyokubaliana.

Odio iwe fupi, dakika mbili ao tatu. Inakula mega kidogo, na watoto hawachoki. Inaweza kupita hata bila mega: mzazi anaandika sauti nyumbani, mtoto ao jirani anapeleka telefone ku masomo, mwalimu anaipokea kwa Bluetooth.

Asiye na telefone kubwa asiachwe. Mwalimu anaweza kumwita, kisha anaweka sauti ya nje, kelasi yote inasikia. Na mzazi anaweza kuja kwa miguu: mdomo ni kifaa cha zamani kuliko vyote.

Kundi la WhatsApp la wazazi lisiwe tablo ya madeni. Pale ambapo majina ya wasiolipa yalitumwa mbele ya wote, wazazi waliondoka mmoja mmoja, na mlango ukafungika tena. Neno la pesa lisemwe na mzazi peke yake.

Picha na sauti za watoto zisitembezwe. Kelasi ikituma odio, iende kwa mtu mmoja inayemhusu. Na mwalimu aulize mzazi mbele ya kuisikilizisha sauti yake.

Mchimbaji wa mkono asione haya. Kuna papa alikataa akisema: « Miye nichimba na mukono, nitafundisha nini? » Kisha alieleza namna anavyojua jiwe lenye shaba kwa rangi yake ya majani, na namna wanavyosikiliza udongo mbele ya kushuka. Watoto walinyamaza kabisa. Somo lile lilikuwa la siyansi, na lilikuwa la hatari pia. Kisha lile, watoto wawili walimwambia mwalimu kama hawatakwenda tena kucheza karibu na mashimo.

Kuna jambo la mwisho ambalo watoto wenyewe walilifungua. Siku moja telefone ilizimika katikati ya odio, moto ulikwisha. Wakati wa kungoja, mwalimu aliwaeleza kama ndani ya betri za telefone nyingi mnapatikana kobalti, na kama zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo yetu, sehemu kubwa ku Lualaba na Haut-Katanga. Kijana mmoja akatazama sufuria, akauliza: « Basi papa alikuwa tayari mule ndani? »

Juma hili kelasi inatafuta mtu wa chini, wa mgodi wa shimo, si wa kariere. Wana ulizo moja kwake, na mwalimu alituomba tuiandike hapa: « Kule chini, munajuaje kama huku juu mvua inanyesha? »

Wewe unayejua, usilale na jibu. Tafuta mwalimu wa mtoto wako.