Kuta za nganda za Himbi na rangi zake

Huko Downey, California, kuna McDonald's iliyofunguliwa mwaka 1953, kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo. Bango lake la taa, lenye kikatuni cha mpishi Speedee, bado limesimama, na watu hufunga safari kwenda kulipiga picha. Sisi wa mtaa wa Himbi, mjini Goma, tulio ughaibuni tuna haki ya kuuliza mabango ya kwetu yalikwenda wapi.

Kwetu chakula cha kando ya barabara ni cha nganda, yaani baa ndogo za mtaani: mbuzi juu ya makaa, ndizi za kukaanga, pilipili, na sambaza, samaki wadogo wanaoliwa wazima na vichwa vyao. Sambaza wenyewe waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo ni wageni kuliko ile McDonald's ya Downey. Kila nganda ina mwenyewe. Lakini ukipita barabarani ungedhani zote ni za tajiri mmoja, kwa sababu ya rangi.

Mwenye nganda hutoa ukuta, kampuni hutoa rangi na mchoraji, pengine na viti. Bralima, inayotengeneza bia ya Primus tangu 1926, ilijua mapema kwamba ukuta wa mahali pa kunywea ni tangazo la bei nafuu. Kampuni za simu zikafuata njia hiyohiyo, na hapo ndipo mabango ya zamani yalipoanza kupotea: ukuta uliopakwa Celtel ukawa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Ndani ya miaka michache, tabaka tatu za rangi, na jina la nganda likiandikwa upya kila mara.

Kilichobaki cha mwenyewe ni kazi ya mchoraji wa mtaani. Anapiga mistari kwa penseli, anajaza herufi, kisha anazipa kivuli upande mmoja ili zionekane zimetoka ukutani. Pembeni anachora mbuzi, au chupa yenye matone ya baridi, na chini anaweka jina lake. Ni ufundi mkubwa, tusiudharau. Msanii Chéri Samba alianzia hapo: alifika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi kwa wachora mabango, akafungua karakana yake 1975, na mwaka 1989 picha zake zilikuwa Paris.

Goma ina sababu yake nyingine ya kupoteza mabango. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika majengo pamoja na maandishi yake. Watoa rangi nao wakaondoka: Juni 2025 Heineken, wenye Bralima wakati huo, walitangaza kwamba vita vimewafanya wapoteze udhibiti wa shughuli zao Goma na Bukavu, na wakaondoa wafanyakazi wao.

Mwenye albamu ya picha za familia zilizopigwa katika nganda yoyote ya Himbi kabla ya 2002, tafadhali aitazame tena. Asiishie kwenye sura za watu. Aangalie ukuta ulio nyuma yao, asome jina la mahali, na pale chini pembeni, jina la mchoraji.