KUPOKELEWA KWA AMRI SI KUTIMIZWA KWAKE

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka, uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Askari wenzetu waliopata kusimamia amri hiyo, tangu nchi ya Chifu Puta wa Wabwile huko kaskazini hadi Kashikishi na Nchelenge, wanajua vema kinachofuata mwezi Machi. Mialo hufurika watu, dagaa waitwao chisense huanikwa mchangani, na wachuuzi kutoka ng'ambo ya Kongo hupatana bei kwa Kiswahili. Fedha nazo hutembea, na siku hizi nyingi hutembea kwa simu.

Katika mwalo mmoja wa mwambao huo tulikuta shauri limefikishwa mbele ya polisi wa zamu. Mama mmoja mchuuzi alikuwa amelipa kwacha 500 kwa simu, mtandao ukakatika. Karani wa duka, ambaye programu yake haikumwonyesha jibu lolote, alibonyeza tena, na mtandao uliporudi kwacha 500 nyingine zikatoka. Mama aliapa kwamba amelipa mara mbili, karani naye akaapa kwamba hakuona malipo hata mara moja. Wote wawili walisema kweli.

Ndugu askari, jambo hili latuhusu. Maduka yetu ya ushirika yanapokea fedha kwa simu, na vijana wetu wenye ujuzi wa kompyuta huombwa kuyaunganisha na huduma hizo. Hatuna budi basi kufahamu kazi yenyewe inavyokwenda.

Programu ya duka haishiki fedha. Kazi yake ni kupeleka barua, kwa njia ya intaneti, kwenye kompyuta ya kampuni ya simu, na kungoja jibu. Barua hiyo ina taratibu nyingi, na kila mwandishi wa programu akianza kuitunga upya, kila mmoja atakosea kwa namna yake. Ndiyo sababu hutumika maktaba ya programu, yaani fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambalo wengi huweza kulichukua na kulitumia tena na tena.

Fikra hii si ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi mwaka 1949. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill waliweka akiba ya maagizo yaliyotobolewa katika kanda za karatasi, kila aliyehitaji akachukua kama askari achukuavyo zana ghalani. Mwaka 1951 walichapisha kitabu juu ya utaratibu huo.

Tutazame huduma ya MoMo ya kampuni ya MTN, ambayo hutumika Zambia pia. Kwanza, programu hujitambulisha kwa funguo zake za siri na kupewa kibali cha muda wa saa 1. Kibali hiki ni kama neno la siri la lindo: muda wake ukipita, mlango haufunguki mpaka upate jipya. Pili, programu hupeleka ombi la malipo likiwa na namba yake ya kumbukumbu. Kompyuta ya kampuni hujibu kwa tarakimu 202.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Maana ya 202 ni kwamba ombi limepokelewa. Haisemi kwamba fedha zimelipwa. Askari wa mawasiliano hahitaji kufundishwa tofauti hii, kwa kuwa anajua kwamba kusikia "umepokelewa" redioni si kusikia kwamba daraja limekwisha kutekwa. Hapana budi programu iulize tena kwa namba ile ile, hadi iambiwe kwamba malipo yamefaulu au yameshindwa. Huduma ya Daraja ya Safaricom, iliyofunguliwa Kenya mwaka 2017, nayo hutenganisha mambo haya: jibu la kwanza ni la kupokelewa, na matokeo huletwa baadaye kwenye anwani ambayo duka limeitaja.

Ombi likirudiwa kwa namba ile ile, kompyuta ya MoMo hulikataa kwa tarakimu 409, kwa sababu namba hiyo imekwisha kutumika. Likirudiwa kwa namba mpya, huhesabiwa kuwa deni jipya. Programu ya karani wetu ilitunga namba mpya kila alipobonyeza. Maktaba iliyoundwa vema huandika namba daftarini kabla ya kupeleka ombi, na mtandao ukirudi huanza kwa kuuliza habari za namba hiyo.

Hata hivyo, zana ya ghalani hukaguliwa kabla ya kutumiwa. Desemba 2021, dosari kubwa ilitangazwa hadharani katika maktaba iitwayo Log4j, na programu nyingi duniani zilizoitumia zikawa hatarini siku moja. Kwa hiyo vijana wetu wajue ni maktaba zipi wanazozitumia, wazifanyie marekebisho yanapotoka, na wasiache funguo za siri ndani ya programu wanazogawana na wengine. Aidha, wafanye majaribio katika uwanja wa mazoezi uliowekwa na kampuni. Pale MoMo huhesabu kwa euro za bandia, nazo hazimdhuru mtu.

Turudi mwaloni. Polisi yule wa zamu hakupaza sauti. Aliomba simu ya mama, akasoma jumbe mbili zenye namba mbili tofauti, akazilinganisha na hesabu ya duka. Jioni ile ile mama alirudishiwa kwacha zake 500, akapakia dagaa wake. Lakini si kila mwalo una askari mwenye subira kama yule. Anayeandika programu na afanye kazi ya lindo hilo mapema, kabla mnyonge hajalipa mara mbili.