Mchango wa baiskeli na shilingi 200 zilizonisumbua

Mtu akifikisha miaka 46 kisha aonekane barabarani alfajiri amevaa kaptula ya kubana, watu husema mengi. Shemeji yangu aliniuliza kwa upole kama gari langu limechukuliwa na benki.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekubali kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, ili kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Lengo lenyewe si geni kwetu. Tangu mwaka wa 1993, wakazi wa Nairobi wamekimbia na kutembea katika Mater Heart Run kwa ajili ya watoto kama hao. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kupanda Limuru. Kumbe ni kuomba.

Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Kadi ya matanga, ya harusi au ya karo ikifika, hakuna anayeuliza maswali. Lakini ya baiskeli? "Sasa daktari," alisema binamu yangu, "nikulipe kwa kila kilomita? Kama mtoto ni mgonjwa, si nikupe pesa umpelekee, nawe ulale nyumbani?" Sikuwa na jibu la haraka.

Nilituma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, chenye watu 43. Walijibu wanne, mmoja wao kwa alama ya mikono ya maombi. Basi nikaanza kupiga simu, mmoja mmoja, nikaacha kuzungumzia baiskeli na kueleza ugonjwa.

Msomaji, wapo watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo. Lakini wengine walizaliwa na moyo mzima kabisa. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokokasi. Koo linapoa lenyewe na nyumbani watu wanasahau. Baada ya wiki mbili au tatu hivi, viungo vinavimba na homa inapanda, kwa kuwa kinga ya mwili iliyopigana na bakteria sasa inashambulia mwili wenyewe, pamoja na vali za moyo. Hali hiyo ikirudia, vali hukakamaa au huvuja, na mtoto hushindwa hata kupanda ngazi za shule. Penisilini ikitolewa mapema na kumalizwa, sindano moja au vidonge vya siku 10, mkasa huu wote huzuilika.

Nilipoeleza hivyo, watu walitoa. Niliwapa nambari ya malipo ya hospitali yenyewe, si ya simu yangu. Pesa za wagonjwa zisipitie mfukoni mwa mtu. Ami yangu, mzee wa miaka 80, alisema: "Kijana, nitatoa. Lakini usiteremke Mai Mahiu kwa kasi, malori hayana huruma."

Kosa langu lilikuwa kubandika kadi ya mchango ukutani mwa kliniki. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 8, mafindofindo yamevimba na koo lina usaha. Nikamwandikia penisilini ya siku 10. Alipoinuka akaiona kadi, akaacha shilingi 200 mezani. Nikamshukuru. Jioni muuguzi wangu akaniambia kwamba mama huyo alinunua vidonge vya siku nne tu, kwa kuwa pesa hazikutosha.

Hebu fikiri. Nilikuwa nimechukua kwa mkono mmoja dawa niliyoandika kwa mwingine.

Nilimpigia simu, akarudi kesho yake, na mtoto akadungwa sindano bila malipo. Shilingi 200 alikataa kuzipokea. "Daktari, mchango haurudishwi," alisema. Kadi niliibandua siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliye mbele yako hawezi kukunyima kwa uhuru, kwa hiyo usimwombe. Jamaa na marafiki wana uwezo wa kukucheka na kukataa, na wangu wengi walifanya hivyo.

Kuhusu mwili, ni machache tu. Kama umepita miaka 40 na umezoea kiti cha ofisi, pimwa shinikizo la damu na sukari kwanza, kisha ujizoeze polepole kwa miezi miwili au zaidi. Vaa helmeti. Kunywa maji kidogo kidogo njiani, na kifua kikikubana, shuka. Hakuna ahadi ya mtu inayostahili mshtuko wa moyo.

Tulifika Naivasha saa nane mchana. Mai Mahiu niliteremka nimeshika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Katika orodha yangu, mama yule yumo, shilingi 200, amelipa. Juu yake yupo binamu yangu, aliyeahidi shilingi 50 kwa kila kilomita. Yeye bado namngoja.