Mkate wa Jana Usitupwe!



Mkate wa jana unaenda wapi kwenu? Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mambo ni haya: mkate unanunuliwa asubuhi, kipande kinabaki jioni, na kesho yake kimekuwa kigumu kama kuni. Mtoto anakigusa na kusema: "Mama, hii mukate iko nguvu, siwezi kukula!" Basi kipande kinatupiwa kuku, na mtoto anaenda ku masomo na chai tupu tumboni. Hapo tumepoteza mara mbili. Makuta yamepotea, na mtoto ana njaa. Tena ngano nyingi ya mikate yetu inatoka nje ya nchi, ndiyo maana bei yake haituhurumii.

Huko Ufaransa na Ubelgiji kuna chakula kinachoitwa pain perdu, maana yake "mkate uliopotea". Lakini kazi yake ni kuzuia mkate usipotee! Wanachovya mkate mgumu katika maziwa na mayai, wanaukaanga, wanatia sukari. Wala si jambo jipya. Kitabu cha mapishi cha Waroma wa zamani, kinachoitwa Apicius, kinafundisha kuchovya mkate katika maziwa, kuukaanga katika mafuta, na kumwagia asali.

Tena mkate mgumu ndio unaofaa. Mkate wa leo ni laini mno. Ukiuchovya unavunjika mkononi. Wa jana au wa juzi unakunywa maziwa na kubaki mzima. Ugumu wake si kukauka tu: unga uliomo ndani umejikaza, na ukipata maji na moto unalainika tena.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Vipande 8 vya mkate, unene wa kidole kimoja, mayai 2, kikombe kimoja cha maziwa, sukari vijiko 2, chumvi kidogo sana, mafuta ya kukaangia. Kama una maziwa ya unga, koroga vijiko 3 au 4 katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Mafuta ya karanga au mengine meupe yanafaa kuliko mawese, kwa sababu mawese yanaleta ladha yake yenyewe.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Pasua kila yai katika kikombe chake kwanza. Likiwa limeoza, litupe peke yake bila kuharibu mengine.

2. Koroga mayai, maziwa, chumvi na kijiko kimoja cha sukari. Usitie sukari yote hapa, maana sukari nyingi inaungua mbele mkate haujaiva ndani.

3. Chovya kipande, hesabu polepole mpaka 20, kigeuze, hesabu tena. Kama ni kigumu sana, kiache zaidi kidogo.

4. Weka mafuta kidogo katika kikaango, moto uwe wa kadiri. Kaanga dakika 2 au 3 kila upande, mpaka rangi iwe ya kahawia na yai lisibaki bichi katikati.

5. Nyunyiza sukari iliyobaki kungali moto. Mwenye asali ya pori atie asali. Ndizi iliyoiva inafaa pia.

Na kama yai ni moja tu? Tia kijiko kimoja cha unga wa ngano katika maziwa, ukoroge vizuri, utashika mkate. Watoto wakiwa wengi, kata vipande katikati, kila mmoja apate.

MAMBO YA KUANGALIA

Mkate mgumu si mkate uliooza. Ukiona ukungu, wa kijani, mweupe au mweusi, usikate sehemu ile tu na kupika nyingine. Ukungu unaingia ndani mahali macho hayafiki. Huo utupwe kweli.

Tena, mwezi wa 6 na wa 7 baridi inatubana, na watu wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango na madirisha. Msifanye hivyo hata siku moja! Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala na hawaamki. Pikieni inje, ao mahali hewa inapita. Na mafuta ya moto yawe mbali na watoto wadogo.

NENO KWA WAVULANA

Kazi hii si ya mama na wasichana tu. Baba akirudi kutoka kazi ya usiku, na mama amekwisha kwenda soko, kijana wa miaka 15 anaweza kuwapikia wadogo zake mbele ya kengele ya masomo. Hakuna haya ndani yake.

Bwana Yesu alipokwisha kulisha watu 5000, hakuacha masalio katika majani. Aliagiza wanafunzi wakusanye vipande, na vikajaa vikapu 12 (Yohana 6). Yeye aliyeweza kufanya mkate uwe mwingi hakudharau kipande kilichobaki. Basi jioni hii, angalieni mezani kwenu. Kama kipande kimebaki, kifunikeni vizuri kwa kitambaa safi. Kesho asubuhi mtoto asiende tena masomo na chai tupu.