Uzi wa ndani na uzi wa ukingoni

Mwanafunzi mmoja hapa Isiolo alinijia na programu yake ya kukadiria mwendo wa maji ya Merti, yale yaliyo chini ya ardhi hadi kule Habaswein na Dadaab. "Mwalimu, maji yamekwama katikati!" Alikuwa ameigawa ramani kuwa pembetatu, na pia alitaka kujua tuziiteje kwa Kiswahili.

Wavuvi walishatutangulia, ingawa Isiolo na nyavu wapi na wapi! Mgawanyo mzima ni wavu, kila pembetatu ni jicho, kona ni fundo, upande ni uzi.

Sasa yape mafundo nambari. Jicho la kwanza lina 1, 2, 3. La pili lina 3, 2, 4. Orodhesha nyuzi za kila jicho, nambari ndogo ikitangulia: 1-2, 2-3, 1-3, kisha 2-3, 2-4, 3-4. Uzi 2-3 umejitokeza mara mbili. Basi huo ni wa ndani, na macho yanayouchangia ni majirani. Uliojitokeza mara moja tu ni wa ukingoni.

Kijana alikuwa ameuandika wa jicho la pili 3-2. Kompyuta ikaona nyuzi mbili tofauti, ikadhani pale ni ukingo, na katika programu yake ukingoni maji hayavuki. Tulipozipanga nambari, yakapita.

Yeye bado anapenda "seli" kuliko "jicho". Sijamkatalia, ila seli mimi nawaachia watu wa baiolojia.