Ugomvi wa Wavuvi na Maji ya Mto

Mwaka 1935 ilitolewa Uingereza picha ya sinema iitwayo Turn of the Tide, ambayo ni wachache waikumbukao. Habari yake ni ya koo mbili za wavuvi katika kijiji cha pwani ya Yorkshire: ukoo wa Fosdyck, wenyeji wa tangu zamani, na ukoo wa Lunn, wageni wenye mashua ya injini. Wenyeji waliona bahari ni urithi wao. Wageni waliona ni ya kila mwenye bidii. Uhasama ukazidi, hata kijana wa Lunn na binti wa Fosdyck walipopendana, ndipo njia ya mapatano ilipofunguka.

Thika na Ruiru hakuna bahari, lakini iko mito, na mkulima wa juu aweza kumkaushia mwenzake wa chini bustani yake ya mboga. Tena tangu mwaka 1994 bwawa la Ndakaini huzuia maji ya mto Thika kwa ajili ya Nairobi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yatambua vyama vya watumiaji maji, ambamo majirani hupatana juu ya kugawana mto. Basi ni heri kuketi pamoja kabla ya kiangazi, kuliko kungoja arusi ije iwapatanishe.