Yoga na Utulivu wa Akili: Kidogo Chenye Kudumu

Wapo akina mama na vijana wa Kiislamu wanaouliza: je, yafaa kufanya yoga ili kutuliza akili? Swali hili si dogo, kwani asili ya yoga imefungamana na dini za kale za Bara Hindi. Mwezi Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilipambanua: yoga yenye ibada na nyiradi za Kihindu ni haramu, ile iliyo mazoezi ya viungo tu, inaruhusiwa.

Basi mwenye kuyafanya aziache nyiradi hizo, abaki na kunyoosha viungo na kupumua taratibu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Kuitoa polepole hutuliza mapigo ya moyo. Fikra ikitangatanga, irejeshe kwenye pumzi.

Dakika 10 kila siku baada ya Swala ya Alfajiri zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Na aliyezoea kuirejesha akili yake inapotoroka, huenda akaona wepesi wa kuirejesha hata ndani ya Swala.